Kabla ya ubao, mizani

Anayetoka mjini Ngong kuteremka Bonde la Ufa kuelekea Ewuaso Kedong hupita chini ya mitambo ya upepo ya KenGen. Miwili ya kwanza ilisimikwa mwaka 1993, na leo shamba hilo lina uwezo wa kuzalisha megawati 25.5. Kipeto, katika kaunti hiyo hiyo ya Kajiado, mitambo mingine 60 ilianza kazi mwaka 2021 na kuongeza megawati 100. Upepo huku ni mali inayojulikana. Maji ndiyo yanayokosekana: mabwawa ya mifugo hukauka kiangazi, na Ziwa Magadi sehemu yake kubwa ni gamba la magadi.

Kwa hiyo kijana wa Kajiado anaukuta mchezo wa wingifoili mbali na kwao. Wengi huteremka Pwani kutafuta riziki, wakiuza shanga ufuoni au kulinda hoteli za Diani, Watamu na Malindi. Huko ndiko wanakomwona mtu amesimama juu ya ubao ulionyanyuka kabisa kutoka majini, bawa la kitambaa mikononi, hakuna injini wala kelele. Mchezo wenyewe bado mchanga. Ulianza kuenea duniani mwaka 2019, kampuni kama Duotone na Naish zilipoleta sokoni mabawa ya kujazwa hewa. Anayeutamani huuliza swali moja kabla ya mengine yote: ninunue ubao gani?

Jibu langu ni kwamba apande mizani kwanza. Nalisema kwa mkazo kwa sababu bei ya ubao mpya inaweza kufikia ile ya ng'ombe wawili au watatu, na si uchungu mdogo kijana kuweka akiba ya mwaka mzima kisha kununua kitu kitakachomzamisha. Ubao huchaguliwa kwa kilo za mwili wako na kwa maji utakayouendeshea. Yule fundi uliyemwona akiruka juu ya mawimbi kwa ubao mdogo kama meza ya kahawa hawezi kuwa kipimo chako.

Kazi ya ubao ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Kinachombeba mpandaji ni foili, yaani bawa dogo la chini ya maji linaloning'inia kwenye mlingoti uliofungwa tumboni mwa ubao. Umbo lake ni la ukoo mmoja na pangaboi za mitambo ya Ngong: mgongo uliobinuka, tumbo bapa, na kitu kinachopita juu yake kikizalisha nguvu ya kuinua. Pale Ngong kinachopita ni hewa. Hapa ni maji, ambayo ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, na ndiyo maana bawa la mkononi linahitaji mita 5 za mraba ilhali foili ya mwanafunzi yenye sentimita 1,500 hadi 2,000 za mraba inatosha kumbeba mtu mzima kwa mwendo wa kilomita 14 hivi kwa saa. Fikra yenyewe ni ya zamani. Mwitaliano Enrico Forlanini aliinua chombo juu ya Ziwa Maggiore kwa foili mwaka 1906, na mwaka 1919 chombo cha Alexander Graham Bell kilifikia kilomita 114 kwa saa juu ya maji.

Kabla ya mwendo huo kupatikana, foili haibebi kitu. Ubao peke yake ndio unaokushikilia wakati umepiga magoti, bawa linapepesuka, wimbi linakusukuma ubavuni, nawe unajaribu kusimama. Mwanafunzi hutumia muda wake mwingi katika hali hiyo, na hapo hesabu ya lita inaamua kila kitu.

Kila ubao huandikwa ujazo wake kwa lita. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo moja, ya maji ya bahari inazidi kidogo, kilo 1.025 hivi. Chukua kijana wa kilo 72. Ubao wenyewe una kilo 6 au 7, foili na mlingoti kilo 4 au 5, bawa la mkononi kilo 3, ongeza jaketi la kuelea na nguo zilizolowa. Mzigo unakaribia kilo 90. Akinunua ubao wa lita 90, utaelea kwa shida, uso wake ukilamba maji, na kila anaposogeza mguu pembe moja itazama. Akinunua wa lita 75 kwa kuwa ndio unaofanana na ule wa fundi, utakuwa chini ya maji kabla hajanyoosha magoti. Kanuni ambayo walimu wengi huifuata ni kuchukua kilo za mwili na kuongeza lita 30 hadi 40. Kwa kijana wetu ni lita 102 hadi 112. Dada wa kilo 55 ataridhika na lita 85 hadi 95, na mzee wa kilo 95 asione haya kuomba lita 130.

Hilo la haya linanigusa. Nimewasikia vijana wakiuita ubao mkubwa "wa watoto". Mtoto ndiye hasa anayeweza kumudu mdogo, kwa sababu ana kilo 35.

Umbo linafuata ujazo. Kwa wanaoanza, upana wa sentimita 70 au zaidi hutuliza miguu, na urefu wa kama sentimita 170 huupa ubao mwendo wa kwanza bila kupinda kila upande. Miaka ya karibuni zimekuja mbao ndefu na nyembamba ambazo huteleza mapema sana kwenye upepo hafifu. Ni nzuri, ila huyumba chini ya mguu usiozoea, kwa hiyo ziache kwanza. Tazama pia tumbo la ubao: foili hufungwa kwenye reli mbili, na reli ndefu hukuruhusu kuisogeza mbele au nyuma hadi upate mizani yako. Pua ya ubao ikipanda bila kukutii, rudisha foili nyuma kidogo; ikikataa kuinuka, sogeza foili mbele.

Kwa mtu wa Ewuaso Kedong kuna jambo jingine, nalo ni safari. Ubao mgumu wa povu na epoksi ni mzigo mgumu kwenye matatu, kisha basi la usiku la Mombasa. Ubao wa kujazwa hewa hukunjwa ukaingia begini. Unainuka kwa uzito kidogo na haukupi hisia kamili ya foili, lakini kwa anayeishi mbali na bahari mimi ningeuchukua bila kusita, mradi tumbo lake liwe na bamba gumu pale mlingoti unapofungwa.

Kisha uliza maji. Pwani yetu bamvua huinua na kushusha bahari kwa zaidi ya mita 3. Ndani ya mwamba wa Diani maji yakipwa hubaki ya magotini, na mlingoti wa sentimita 80 utagonga matumbawe kwa nguvu ya kukurusha mbele. Paje, Unguja, ni vivyo hivyo, na huko kuna pia vigingi na kamba za akina mama wanaolima mwani. Shamba la mtu si uwanja wa michezo. Mlingoti mfupi wa sentimita 60 au 70 husaidia anayeanza, lakini dawa ya kweli ni kujua saa ya maji kujaa. Hori la Kilifi lina kina cha kutosha hata maji yakipwa, na kwa masomo ya kwanza napapenda kuliko ufuo wa wazi.

Kuna watakaosema Naivasha ni karibu zaidi, ukipitia Suswa na Mai Mahiu. Ni kweli, na ziwa lina upepo wa mchana. Lakini Naivasha iko mita 1,880 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hadi 20. Upepo wa kasi ile ile unasukuma kidogo, hivyo bawa la mita 5 lililokutosha Diani linahitaji kuwa la mita 6. Maji matamu nayo hubeba kidogo kuliko ya chumvi, kwa hiyo ongeza lita chache. Hayo yote yana hesabu. Viboko hawana hesabu. Anayejifunza huanguka kila mara, huelea muda mrefu na hupelekwa na upepo hadi kando kwenye matete, ambako wanyama hao hupenda kukaa. Sitamshauri mtu yeyote aanzie huko.

Habari njema ni kwamba ubao wa mwanafunzi hupatikana kwa urahisi kama mtumba, maana wanaojifunza hukua na kuuza. Nenda na mizani ya mkono: ubao uliozidi uzito wake wa kiwandani umekunywa maji. Bonyeza uso wote kwa kidole gumba. Panapobonyea pameachana na povu. Kagua nyufa kandokando ya reli, maana pale ndipo foili inapouvunja. Jaribu kufungua kila skrubu. Mlingoti wa alumini na skrubu za chuma zikikaa pamoja kwenye chumvi hushikana kabisa, na muuzaji asiyeosha vifaa vyake kwa maji matamu huonekana hapo.

Siku utakapoinuka kwa kwenda na kurudi, ukabisha upepo na kurejea ulipoanzia bila kusaidiwa, teremka hadi lita zinazokaribia kilo zako, au tano hadi kumi juu yake. Ubao wa kwanza usiuuze upesi. Kusi na kaskazi hazivumi mwaka mzima. Kati yake kuna maleleji, karibu na Aprili na tena Novemba, upepo unapogeukageuka na kulegea. Wiki hizo wenye mbao ndogo hukaa ufuoni, na mwenye lita zake 110 na bawa kubwa bado anapata la kufanya.