KCSE na Lango la Chuo Kikuu Katika Kaunti ya Kajiado

Mtihani wa kidato cha nne, KCSE, ndio unaoamua ni nani nchini Kenya atakayesoma chuo kikuu, na atasomea nini. Ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, wanafunzi wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4 walipomaliza shule ya upili, na husimamiwa na Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC. Mtahiniwa hupimwa kwa masomo saba. Kila somo lina gredi kuanzia A yenye pointi 12 hadi E yenye pointi 1, na jumla ya juu kabisa ni pointi 84. Kiwango cha chini cha kusomea shahada ni gredi ya C+. Kati ya watahiniwa 962,512 wa mwaka 2024, waliokifikia walikuwa 246,391, yaani mmoja kati ya wanne.

C+ hufungua lango tu. Kozi atakayopewa mwanafunzi huamuliwa na KUCCPS, asasi iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, ambayo huchukua masomo manne yanayohusiana na kozi hiyo, ikayajumuisha na matokeo yake yote, kisha ikawapanga waombaji kwa foleni. Anayetaka udaktari wa binadamu hutazamwa biolojia, kemia, hisabati au fizikia, na lugha. Hapo ndipo tofauti ndogo ya pointi huwatenganisha vijana wawili wenye gredi sawa.

Mtihani wa namna hii una haki yake, na haki hiyo haifai kubezwa. Maswali ni yale yale Kiserian na Mombasa, hufanywa siku moja, na husahihishwa kwa mwongozo mmoja na watu wasiomjua mtahiniwa. Mtoto wa mchungaji hahitaji barua ya mheshimiwa wala mjomba ofisini. Haki hiyo ilikaribia kupotea mwaka 2015, karatasi zilipovuja na kuuzwa. Mwaka uliofuata Waziri wa Elimu Fred Matiang'i alivunja bodi ya KNEC, George Magoha akawekwa kuongoza bodi mpya, na usimamizi ukakazwa. Waliopata A walishuka kutoka 2,685 mwaka 2015 hadi 141 mwaka 2016. Karatasi inapouzwa, anayeumia ni yule asiye na pesa za kuinunua. Kwa watahiniwa maskini, kuziba mianya ile kulikuwa na thamani kuliko mageuzi mengi yenye majina makubwa.

Udhalimu huanzia kabla ya chumba cha mtihani, na Barabara ya Magadi yaonyesha namna. Kiserian iko kilomita 25 hivi kutoka katikati ya Nairobi, chini ya Milima ya Ngong. Familia nyingi zimehamia huko kutoka jijini, shule za kibinafsi zimesongamana, na mzazi mwenye uwezo hupata mwalimu wa tuisheni bila kusafiri mbali. Barabara hiyo hiyo ikipita Kona Baridi na Olepolos huteremka hadi Oltepesi, Olorgesailie na Magadi, nchi kavu ya wafugaji ambako shule ni chache na zimetawanyika. Wote hao ni watahiniwa wa kaunti moja, Kajiado.

Kemia yatosha kuwa mfano. Somo hilo lina karatasi tatu, na ile ya vitendo hubeba alama 40 kati ya 100. Mwanafunzi aliyeshika bureti kila wiki tangu kidato cha kwanza huingia katika karatasi hiyo akiwa mzoefu. Yule ambaye shule yake haina maabara ya maana, akawa anamtazama mwalimu akionyesha jaribio moja mbele ya darasa zima, hukutana na vifaa hivyo kama mgeni. Biolojia na fizikia zina mpangilio uo huo. Kwa hiyo kijana anaweza kuielewa sayansi vizuri na bado akakosa pointi ambazo zingemfikisha kwenye udaktari au uhandisi, kwa sababu ya chumba ambacho hakikujengwa.

Kuna pia siku zilizopotea. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo wengi Kajiado, na kwa mfugaji ng'ombe ndio karo. Familia ikihama kutafuta malisho, au mtoto akirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, silabasi haimngojei. Msichana hubeba zaidi, kwani ukeketaji na ndoa za mapema vimewatoa wengi shuleni kabla ya kidato cha nne. Hao hawamo hata katika hesabu ya waliofeli.

Kwa muda mrefu pesa ziliendelea kuamua hata baada ya matokeo. Enzi za Bodi ya Pamoja ya Udahili, JAB, nafasi za kulipiwa na serikali zilifuata idadi ya vitanda vyuoni, hivyo maelfu waliopata C+ waliachwa nje. Kuanzia 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua mpango wa wanaojilipia, na vyuo vingine vikafuata. Aliyeachwa na JAB lakini mwenye mzazi tajiri aliingia ukumbi ule ule wa mihadhara. Hali hiyo ilibadilika matokeo ya 2016 yalipotoka: waliofikia C+ walikuwa 88,929 pekee, na wote wangeweza kupata nafasi.

Mageuzi ya 2023 yalipunguza masomo ya lazima katika kukokotoa gredi kutoka matano hadi mawili, yaani hisabati na lugha moja, kisha yakaongezwa matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Hatua hiyo iliwafaa wale waliokuwa wakivutwa chini na sayansi. Haikuigusa foleni ya kozi, ambayo bado inadai sayansi zile zile.

Serikali yenyewe imekubali kwamba alama haziwezi kusomwa bila kutazama zilikotoka. Shule za kitaifa zilikuwa zikichukua wanafunzi wa kidato cha kwanza kwa mgao wa maeneo, na KUCCPS hutakiwa kuzingatia jinsia, ulemavu na maeneo yaliyoachwa nyuma. Kasoro iko katika kipimo cha eneo. Kaunti ikihesabiwa kuwa kitu kimoja, mtoto wa akademia ya Kitengela au Ngong aweza kufaidika kwa jina la Kajiado, huku wa Oltepesi akibaki alipo. Uganda iliongeza pointi 1.5 kwa wasichana wanaojiunga na Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1990, na mwaka 2005 ikaanza mgao wa wilaya, ambao nao umelalamikiwa kuwa huwabeba waliosoma shule bora za mijini. Kipimo kinachofaa ni shule. B iliyopatikana mahali ambapo wengi hupata D ina uzito kuliko B ya mahali ambapo kila mtu hupata A, na KNEC tayari inayo matokeo ya kila shule.

Kufuta mtihani si dawa. Marekani, ambako mtihani wa SAT ulianza 1926, Chuo Kikuu cha California kiliacha kuutumia katika udahili, lakini MIT iliurejesha mwaka 2022 ikieleza kwamba unasaidia kuwatambua wanafunzi wenye uwezo kutoka familia zisizojiweza.

KCSE ya mfumo wa 8-4-4 itafanywa kwa mara ya mwisho 2027. Katika mfumo mpya, mtihani wa Gredi ya 9, KJSEA, ambao ulianza 2025, huchangia asilimia 60 ya matokeo ya kuingia sekondari ya juu. KPSEA ya Gredi ya 6 huchangia 20, na tathmini za walimu shuleni 20. Mkondo huchaguliwa hapo hapo, na michepuo ya masomo inayopatikana shuleni hutegemea walimu na maabara zilizopo. Uamuzi wa nani ataweza kuomba udaktari kwa hiyo umesogezwa nyuma miaka mitatu, hadi kwa mtoto wa miaka 14 au 15, aliye katika shule ile ile isiyo na bureti.