Daftari la Nyumba

Katika Ujerumani Mashariki kila nyumba ya ghorofa ilikuwa na daftari lake. Waliliita Hausbuch, na aliyelitunza hakuwa askari wala karani wa serikali bali mmoja wa wapangaji. Humo ziliandikwa habari za kila mkazi: jina, tarehe ya kuzaliwa, kazi, siku aliyohamia. Mgeni wa humo humo nchini akilala zaidi ya siku tatu aliandikwa. Akitokea Ujerumani Magharibi, hata kama ni shangazi aliyekuja mazishini, aliandikwa ndani ya saa 24. Polisi walikuwa na ruhusa ya kulipekua siku yoyote, na kwa njia hiyo yaliyomo yaliwafikia watu wa Wizara ya Usalama wa Taifa, ambao raia waliwaita Stasi.

Mtanzania aliyekulia enzi za balozi wa nyumba kumi atalielewa jambo hili haraka. Balozi alijua nani kalala kwa nani, na huyo huyo ndiye aliyegongewa mlango usiku wa manane mume na mke walipopigana, au msiba ulipotokea. Mtunza daftari wa Leipzig au Rostock naye mara nyingi alikuwa mtu wa namna hiyo. Ndiye aliyepanga zamu za kufagia ngazi na kuondoa theluji mlangoni, aliyewatoa wapangaji Jumamosi wakapande maua uani, na aliyepanga sherehe ya nyumba nzima katika chumba cha chini cha kuanikia nguo.

Tumezoea kusimuliwa habari za tawala za kikomunisti za Ulaya kana kwamba watu waliishi upande mmoja na dola ikawachungulia kutoka upande wa pili. Ujerumani Mashariki, iliyodumu kuanzia 1949 hadi 1990, haikuwa hivyo. Dola iliingia kwa mlango ule ule wa ujirani. Undugu wa ngazini ulikuwa wa kweli, upelelezi nao ulikuwa wa kweli, na mara nyingi vyote viwili vilikaa ndani ya mtu mmoja. Asiyelishika hilo hataelewa kwa nini watu wa huko bado wana uchungu, wala kwa nini wapo wanaoyakumbuka maisha hayo kwa mapenzi.

Chukua foleni. Chakula cha lazima kilikuwa rahisi kupita kiasi: mkate mdogo wa asubuhi uliuzwa pfennig 5, na nauli ya tramu Berlin ilikuwa pfennig 20, bei zilizokaa miaka na miaka bila kuguswa. Tabu ilikuwa kwa vitu vingine. Ndizi na machungwa vilisubiriwa Krismasi. Vigae vya bafu, mabomba na vipuri vya gari havikuonekana dukani. Kwa hiyo watu walitembea na mfuko wa nailoni uliokunjwa ndani ya mkoba, na walipoona foleni walijipanga kwanza, wakauliza baadaye kinachouzwa ni nini. Kisha vikabadilishana mikono: fundi bomba akatengeneza bomba la daktari wa meno, daktari akamtibu mama wa muuza nyama, muuza nyama akaweka kipande kizuri chini ya kaunta. Gari la Trabant, lililotengenezwa Zwickau, lilingojewa miaka kumi, kumi na mitano. Wazazi waliandikisha jina la mtoto pindi alipotimiza miaka 18, na gari kuukuu lililo tayari kuondoka liliuzwa ghali kuliko jipya lililokuwa bado kwenye orodha. Katika nchi ya namna hiyo, kuwa na watu kulizidi kuwa na fedha. Wema wa majirani ulitokana na haja, lakini haja haikuufanya uwe wa uongo.

Nyumba nazo zilikuwa adimu. Mwaka 1973 chama tawala kilipitisha mpango mkubwa wa kumaliza tatizo la makazi kabla ya 1990, na vitongoji vizima vya ghorofa za zege vikaota, Marzahn kule Berlin kikiwa miongoni mwa vikubwa. Anayepita Michenzani, Zanzibar, ameshaona mkono wa wataalamu wa nchi hiyo hiyo: Zanzibar iliitambua Ujerumani Mashariki mara baada ya Mapinduzi ya 1964, na ghorofa zile ndefu ni sehemu ya urafiki huo. Kule Ujerumani Mashariki kupata ufunguo wa nyumba kulihitaji ndoa, au angalau kuliharakishwa na ndoa. Kuanzia 1972 maharusi vijana walipewa mkopo wa mark 5,000 usio na riba. Mtoto wa kwanza alipozaliwa deni lilipungua kwa mark 1,000, wa pili kwa 1,500, na wa tatu alilifuta lote. Vijana walioana mapema, wakazaa mapema, na wengi wakaachana mapema vilevile, kwa kuwa mwanamke alikuwa na mshahara wake na shule ya chekechea ilikuwepo karibu.

Kahawa ndiyo iliyoonyesha mipaka ya subira yao. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ilipaa, na serikali haikuwa na fedha za kigeni. Mwaka 1977 ikaleta madukani mchanganyiko ambao kahawa yake ilikuwa asilimia 51, sehemu iliyobaki nafaka na vijazio vingine. Uliziba mashine za mikahawa na kuwaudhi wanywaji. Watu ambao hawakuandamana kudai uhuru wa kusafiri walikaa mezani na kuandika barua za hasira kuhusu kikombe cha asubuhi. Serikali ikarudi nyuma. Ikapeleka silaha Ethiopia na kupokea kahawa, na baadaye ikasaidia Vietnam kupanda mashamba mapya, ambayo yalikuja kuzaa vizuri wakati Ujerumani Mashariki yenyewe haipo tena.

Barua hizo zilikuwa desturi yenye kanuni zake. Kila raia aliruhusiwa kisheria kulalamika kwa ofisi yoyote, hata kwa kiongozi mkuu wa nchi, Erich Honecker mwenyewe, na ofisi ilitakiwa kujibu ndani ya wiki nne. Mwandishi mjuzi alianza kwa kuusifu ujamaa, akaeleza paa linavyovuja na mtoto anavyokohoa, kisha akadokeza kwamba huenda familia yake isiende kupiga kura. Kitisho hicho kilikuwa na uzito. Uchaguzi ulikuwa wa kukunja karatasi yenye orodha moja na kuitumbukiza. Aliyeingia kwenye kibanda cha siri alionekana, na asiyetokea alifuatwa nyumbani. Kiongozi wa mtaa alihitaji asilimia 99 yake ya wapiga kura kama vile mwenye paa bovu alivyohitaji fundi.

Watoto walijifunza mapema kuwa na ndimi mbili. Jioni karibu nchi nzima, isipokuwa maeneo ya Dresden na kaskazini mashariki ambako mawimbi hayakufika, ilitazama televisheni ya Magharibi. Mwaka 1961 vijana wa chama walipanda juu ya mapaa kuzigeuza antena, lakini enzi za Honecker dola iliacha kushindana nazo. Hata hivyo mtoto aliambiwa asiyataje shuleni aliyoyaona. Inasimuliwa sana kwamba kulikuwa na walimu waliowaomba wanafunzi wachore saa inayotokea kabla ya taarifa ya habari, kwa sababu saa ya Mashariki na ya Magharibi hazikufanana. Mtoto wa miaka sita alijua kwamba baba yake angeweza kuponzwa na penseli yake. Mimi naliona hilo kuwa zito kuliko uhaba wote wa ndizi.

Juu ya yote ilikaa Stasi. Mwaka 1989 ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000 na watoa habari wa siri wapatao 189,000, katika nchi yenye watu milioni 16 hivi. Ilifungua barua kwa mvuke na kuzibandika tena. Kuanzia 1976 iliandika kanuni za kumsambaratisha mtu bila kumfunga: kumzushia uvumi, kumkwamisha kazini, kuwachonganisha marafiki, hata kuingia nyumbani mwake akiwa hayupo na kusogeza vitu vyake mpaka ajione amerukwa na akili. Haya hayafanyiki bila mtu wa karibu. Watoa habari hawakuwa wote waoga. Wapo walioiamini serikali kwa dhati, wapo waliotaka cheo, na wapo waliodhani wanachosema hakina madhara: fulani kapata kifurushi cha kahawa kutoka Hamburg kule Magharibi, fulani kanunua koti jipya, fulani haji tena kwenye usafi wa Jumamosi.

Januari 15, 1990, waandamanaji waliingia makao makuu ya Stasi Berlin, na kuanzia Januari 2, 1992, kila raia aliruhusiwa kusoma jalada lake katika kumbukumbu zenye urefu wa kilomita 111. Mwanaharakati Vera Wollenberger alisoma akakuta aliyemripoti miaka yote kwa jina la siri la Donald ni Knud, mume wake. Wengine walikuta jirani waliyemshuku kwa miaka mingi aliombwa asaliti akakataa, naye hakuwahi kumwambia mtu. Ugunduzi wa pili nao ulichoma, kwa kuwa salamu walizomnyima hazikuweza kurudishwa.

Kisha, Ujerumani mbili zilipoungana, viwanda vikafungwa, vijana wakahamia Magharibi kutafuta kazi, na ghorofa nyingi zikabaki tupu hadi zikabomolewa. Anayewasikia wazee wa huko wakiusifu ujirani wa zamani asiharakishe kudhani wanamlilia polisi. Wanawalilia watu waliokuwa wakishika watoto wao zamu ya usiku ilipowakuta kazini.

Desturi moja iliyobuniwa na dola yenyewe haikufa. Tangu 1955 vijana wa miaka 14 walifanyiwa sherehe ya kuingia utu uzima, iitwayo Jugendweihe, ili kushindana na kipaimara cha Kanisa. Kufikia miaka ya 1980 karibu wote waliipitia, kwa sababu aliyekataa alijihatarishia nafasi yake ya kwenda chuo kikuu. Waliapa kuitumikia nchi ya kijamaa, wakapewa kitabu na maua. Leo kiapo hakipo na hakuna wa kumwadhibu asiyekwenda, lakini kila mwaka maelfu kwa maelfu ya vijana wa Saxony, Brandenburg na majirani zao huvaa suti au gauni la kwanza la kikubwa na kupanda jukwaani, huku ukoo mzima umekaa ukumbini, wakiwemo babu na bibi waliotamka kiapo kile.