Tausi wa Msitu Wetu: Jinsi ya Kumtafuta

Mathayo 6 huhubiriwa sana kwetu, lakini ndege wenyewe huangaliwa mara chache, na mara nyingi kwa manati. Tungependa vijana wa makanisa ya Niania na Mambasa watenge siku moja kuwatazama. Tunakaa kando ya Hifadhi ya Okapi, iliyoundwa mwaka 1992 na kuingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1996, nayo ina aina zaidi ya 300 za ndege.

Mmoja wao alijulikana duniani kwa sababu ya kofia. Mwaka 1913, huko Avakubi, kwenye mto Ituri, karibu kabisa na Niania, Mmarekani James Chapin alipata unyoya uliopamba kofia ya mwenyeji. Hakujua ni wa ndege gani. Aliuhifadhi miaka mingi, mpaka mwaka 1936 alipoona katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, ndege wawili waliokaushwa, wameandikiwa kwamba ni tausi wadogo wa Uhindi. Hawakuwa wa Uhindi hata kidogo. Huyo ndiye tausi wa Kongo, asiyepatikana porini katika nchi nyingine yoyote. Kwa wazee wa hapa hakuwa mgeni. Manyoya yake walikuwa wakiyavaa!

Dume ni buluu iliyoiva, shingo nyekundu isiyo na manyoya, na kishungi cheupe utosini. Jike ni kahawia, mgongo kijani king'aacho. Wanatembea chini, na usiku hulala juu ya miti, wakiitana.

Kumwona ni bahati. Basi anzeni na kingo za mito na vinamasi, ambako mdiria na korongo huonekana kwa urahisi. Ondokeni kabla ya mapambazuko. Mtu wa kuwaongoza awe Mmbuti anayeijua njia, na malipo yake yapatanwe mapema, si kumpa sigara mbili jioni. Keti, nyamaza, subiri nusu saa. Ndege atarudi mwenyewe. Simu inatosha kwa picha kama jua liko mgongoni kwako na mlio umezimwa. Kiota usikiguse.

Ukipiga picha ya kasuku wa kijivu, usitangaze mahali alipo. Tangu mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kuzuia biashara ya kimataifa ya kasuku hao waliokamatwa porini, lakini wanunuzi hawajaisha.

Mtego wa waya uliowekewa mboloko hauchagui: tausi akipita, unamnasa mguu. Na zebaki inayotumika kuosha dhahabu huingia mtoni, kisha katika samaki, kisha katika ndege anayemla samaki. Sisi nasi tunakula samaki huyo huyo. Wachimbaji wengi ni waamini wetu, wana watoto wa kulipia shule; tuzungumze nao hayo kwa upole, lakini tuyazungumze.

Kabla ya kwenda, ulizeni walinzi wa ICCN na chifu kama njia ni salama wiki hiyo. Wakisema hapana, bakini kijijini: hondohondo hupita hata juu ya paa la kanisa.