Muuguzi wa Wodi na Moyo Uliosimama

Katika wodi ya kawaida, ambamo wagonjwa hawakufungwa mitambo ya kuhesabu mapigo usiku na mchana, mtu wa kwanza kutambua kwamba moyo wa mgonjwa umesimama aghalabu ni muuguzi wa zamu. Na kwa kuwa ubongo ulionyimwa hewa huanza kuharibika baada ya dakika chache tu, uhai wa mtu huwa mikononi mwake kabla daktari hajawasili. Je, yamtosha kujua kukandamiza kifua na kumpa mgonjwa pumzi, au apewe na mafunzo ya juu, yafundishayo kusoma mwendo wa umeme wa moyo, kuushtua kwa mashine na kupima adrenalini?

Wanaoyatetea mafunzo hayo wana hoja nzito. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2000 kutoka hospitali moja ya Georgia, Marekani, uliona kuwa wagonjwa waliokutwa na wauguzi wenye mafunzo ya juu walinusurika kwa asilimia 38 hivi, ilhali waliokutwa na wauguzi wasio nayo walinusurika kwa asilimia 10 tu. Farki hiyo si haba. Lakini wagonjwa wenyewe walikuwa 117, na insafu yatutaka tukiri kwamba huenda waliofunzwa ndio waliokuwa wazoefu zaidi tangu hapo, hata isibainike kama sifa ni ya mafunzo au ya aliyefunzwa.

Rai yangu ni kwamba mafunzo yanafaa, ila kheri yake kubwa haimo katika mashine. Mioyo mingi inayosimama hospitalini husimama katika hali isiyoponywa kwa mshtuko wa umeme, tena haisimami kwa ghafla kama watu wadhaniavyo: uchunguzi mwingine wa Marekani, wa mwaka 1990, ulikuta kuwa wagonjwa 84 katika kila 100 walikuwa wamekwisha kuonyesha dalili za kudhoofu ndani ya saa 8 zilizotangulia, hususan katika pumzi na fahamu zao. Muuguzi aliyefunzwa kuzihofu dalili hizo huziona mapema, na huwa na ujasiri wa kumwamsha daktari saa tisa za usiku. Ilhali katika chati nyingi idadi ya pumzi, ambayo ndiyo mjumbe wa kwanza wa msiba, huandikwa 20 kwa kila mgonjwa pasipo yeyote kutazama saa.

Fauka ya hayo, ustadi huu hupotea upesi, mara nyingi ndani ya miezi 3 hadi 6, na shahada yake husemwa kuwa hai kwa miaka 2. Kwa hiyo mazoezi mafupi ya mara kwa mara papo hapo wodini, kwa vifaa vile vile vya wodi, naona yana thamani kuliko safari ya siku mbili kwenda kusomea mjini. Na hospitali ipelekayo wauguzi wake mafunzoni yapasa kwanza iamue kama wana idhini ya kushtua moyo kabla ya daktari kufika, na ufunguo wa kabati la adrenalini hulala kwa nani.