Darasa la 1994 laitwa tena kwa rejista



Mikutano ya watu waliosoma pamoja imekuwa mingi siku hizi hapa Uganda. Shule kubwa za bweni hufanya sherehe, watu huvaa fulana za rangi moja, hukodi hoteli, na picha zao huonekana magazetini. Sina neno nao. Lakini ni mara chache kusikia shule ya msingi ya shamba la chai ikifanya jambo kama hilo. Sisi tulilifanya, Desemba 2024, tulipotimiza miaka 30 tangu darasa letu lifanye mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Yaliyotokea katika kuandaa mkutano ule yanawahusu wengi wanaosoma ukurasa huu, hata wale ambao hawakupata kukaa darasani.

Shule yetu ipo upande wa Tooro, magharibi mwa nchi, karibu na laini za wafanyakazi. Wazazi wetu walitoka Kigezi, West Nile, Rwanda, Burundi na Kongo. Nyumbani kila mtu na lugha yake, penye mizani Kiswahili. Mashamba yalikuwa yameharibika baada ya mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Wahindi, na michai isiyokatwa ikawa miti mirefu. Sisi tulianza shule wakati misitu hiyo ya chai inafyekwa upya na kazi inarudi. Kazi iliporudi ilitaka mikono, hata midogo. Mama alikwenda mstarini na mtoto wake, na kilo za mtoto zikaandikwa katika kadi ya mama.

Tena kulikuwa na karo. Mpango wa serikali wa elimu ya msingi bila karo ulianza Januari 1997, kwanza kwa watoto 4 wa kila jamaa. Sisi tulikuwa tumekwisha kutoka. Kwa hiyo mwaka 1988 tuliingia darasa la kwanza zaidi ya 70, na tuliokalia mtihani Novemba 1994 tulikuwa 19, wasichana 4 tu.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Wenzetu wachache walioko Kampala waliunda kamati kwa njia ya simu, na kwa kweli wazo la mkutano lilikuwa lao, tuwashukuru. Lakini orodha yao ilikuwa ya watu 19, ukiondoa waliofariki. Na mchango waliopanga ulikuwa shilingi 100,000 kila mtu, pamoja na fulana. Sheria ya mshahara wa chini katika nchi hii ni ya mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kuibadilisha, Rais hakuutia sahihi. Hakuna anayelipwa shilingi 6,000 leo, lakini niliwaambia wanakamati kwamba kwa hesabu ya sheria yetu wanamtaka mchuma chai atoe mshahara wa zaidi ya miezi 16 ili aje kula wali na soda. Walicheka, kisha wakanyamaza.

La orodha lilikuwa gumu zaidi. Mmoja aliuliza, kama hakumaliza, tutasemaje amesoma nasi? Mimi nikauliza, yule aliyekaa nami dawati moja miaka minne, akanigawia muhogo wake, halafu baba yake akavunjika mguu kiwandani naye akaenda kuchuma, nimwite nani? Mabishano yalichukua wiki mbili. Mwisho tulikubaliana tutafute rejista ya darasa la kwanza na kumwita kila aliyeandikwa humo. Mchango ukawa hiari: mwenye fedha fedha, mwenye mkungu wa ndizi mkungu, asiye na kitu aje na kiti.

Kuwapata ilikuwa kazi ya chama, si kazi ya simu. Wengi wao wana simu ndogo za tochi, na katika kile kikundi cha simu hawakuwemo. Tulifanya kama tunavyoandikisha wanachama: tulisimama siku ya mshahara mahali pa kulipwa, tukauliza laini kwa laini, tukawatuma akina mama sokoni. Wengine walikuwa wameondoka. Mashine za kuchuma zimechukua nafasi za watu wengi, na bei ya chai ilipoanguka viwanda vingine vilipunguza zamu. Dada mmoja alipatikana Uarabuni, anafanya kazi za nyumbani. Alituma sauti yake kwa simu. Tulipata watu 38 walio hai. Siku yenyewe walikuja 31.

Tuliweka Jumapili kwa sababu Jumamosi ni siku ya kazi. Tulikaa chini ya mikaratusi, ile ambayo kuni zake hukaushia chai. Mwalimu wetu wa darasa la kwanza, mzee sasa, alikuja na fimbo, safari hii ya kutembelea. Mwalimu mkuu wa leo alituazima rejista, imetafunwa na mchwa upande mmoja. Mzee akaomba miwani ya mtu, akaita majina kama zamani. Aliyekuwepo alisema, "Nipo, mwalimu." Pale palipokuwa kimya, aliyejua alisema habari. Amefariki. Amefariki. Alirudi kwao Burundi. Amefariki, ugonjwa ule. Aliuawa wakati wa vita vya ADF. Sitaki kuongeza maneno hapa, aliyewahi kusikia orodha kama hiyo anajua inavyokuwa.

Baada ya chakula zilianza hotuba. Mwenzetu mmoja, mwenye biashara nzuri mjini, alisema sisi tuliofika tulipofika ni kwa sababu tulisoma kwa bidii, na waliobaki nyuma wawahimize watoto wao wasifanye kosa lile lile. Hakuwa na nia mbaya. Lakini dada mmoja mchumaji, aliyetoka darasa la tano, alisimama bila kuombwa.

"Kaka," alisema, "mimi sikushindwa mtihani. Sikuufanya. Mwalimu yupo hapa, mwulizeni nilikuwa wa ngapi."

Mzee akasema, "Wa pili." Yule mwenye biashara aliinuka, akaenda kumpa mkono. Nilimheshimu kwa hilo.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Dada huyo alikuwa amechuma chai kwa mwajiri mmoja zaidi ya miaka 20, na makato ya NSSF yanaonekana katika karatasi yake ya mshahara. Wasiofahamu niwakumbushe. Mchango ni asilimia 15 ya mshahara: 5 hukatwa kwa mfanyakazi, 10 hutoa mwajiri, na mwajiri hutakiwa kupeleka zote ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Zamani sheria ilimgusa mwajiri mwenye watu 5 na kuendelea. Tangu marekebisho ya mwaka 2022 inamgusa kila mwajiri. Akiba yote kwa kawaida hutolewa mtu akifika miaka 55. Lakini marekebisho hayo yanamruhusu mwanachama mwenye miaka 45, aliyechangia miaka 10, kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake mapema. Mwenye ulemavu huanza na miaka 40, hadi asilimia 50.

Dada alikuwa na habari hiyo. Alisema yeye bado, kitambulisho chake cha taifa kinasema ana miaka 41. Mwalimu akafungua rejista tena. Alizaliwa 1979. Wakati wa uandikishaji wa mwaka 2014 karani aliuliza haraka, yeye akajibu kwa kukisia, na hakuna aliyesahihisha. Miaka minne ya uhai wake ilipotea kwenye karatasi, na akiba yake nayo ingekawia miaka minne, kwenye 45 na kwenye 55 pia. Basi watu wakaanza kutoa vitambulisho mifukoni. Tulikuta wengine watano ambao tarehe zao hazikulingana na rejista. Mmoja alikuwa ameongezewa miaka.

Kuna waliogundua baya zaidi. Ndugu mmoja aliyefanya kazi kiwandani kupitia wakala wa vibarua aliulizia akiba yake kwa simu pale pale. Alikuta michango ya miezi 7, naye amefanya kazi miaka 6. Wakala huyo alikuwa akimwambia kibarua hana haki. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zasema kibarua aliyefanya kazi miezi 4 mfululizo si kibarua tena, apewe mkataba wa maandishi. Shauri hilo sasa liko mikononi mwa tawi letu.

Halafu wale waliofariki. Wawili kati yao walikuwa wachangiaji, na tulivyoulizana hakuna aliyejua kama watoto wao wamelipwa. Akiba ya marehemu ni ya warithi wake, mke au mume, watoto, wazazi, lakini haiwafuati nyumbani. Lazima waidai, wakiwa na cheti cha kifo na hati za urithi. Mjane wa mmoja alikuwa amehama tangu 2016, na ofisini mwa shamba hawakujua alikohamia. Aliyejua ni mama mmoja aliyeacha shule darasa la tatu. Walikuwa wakiuza maharagwe soko moja, Kyenjojo. Kwa orodha ya watu 19 mama huyo asingeitwa.

Mwalimu mkuu alikubali tutoe nakala ya kurasa zetu katika rejista na kuzigonga mhuri wa shule. Mhuri huo peke yake haubadilishi kitambulisho, ila ni hati ya zamani ya kuanzia, na wenye cheti cha ubatizo wameambiwa wakiambatishe. Wale wa Kampala wamelipia nakala zote na nauli ya watu sita hadi ofisi ya wilaya. Fedha zilizobaki, ambazo zingekuwa za fulana, zimetumika kununua jalada gumu la rejista, kwa sababu ya wale mchwa.

Mjane tumempata. Yuko na watoto watatu, mkubwa amefika darasa la saba. Kikao cha kufuatilia ni Jumapili ya kwanza baada ya siku ya mshahara, pale pale chini ya mikaratusi, saa nane mchana. Kila mtu aje na kitambulisho na karatasi ya mshahara ya mwezi uliopita. Mchango hakuna.