"Sasa Hiyo Damu Inakwenda Wapi?"

Kuna swali ambalo nikilisikia naweka kalamu chini. Anayeliuliza huwa ni mama aliyekuja kwa sababu hedhi imemshinda. Anajifunga pedi mbili na kipande cha kanga juu yake, usiku anatandika mpira kitandani, na siku ya pili ya mwezi wake hapandi daladala hata kwa dharura. Wekundu wa damu (himoglobini) uko gramu 7 kwa desilita, wakati mwanamke asiye mjamzito anatakiwa awe na 12 au zaidi. Namweleza habari za kitanzi chenye homoni, naye anaitikia vizuri tu mpaka nifike mahali pa kusema kwamba baada ya miezi kadhaa hedhi inaweza kupungua ikawa matone, na kwa wengine ikakatika kabisa. Hapo uso unabadilika. "Dokta, sasa hiyo damu isipotoka inakwenda wapi?"

Haiendi popote, mama. Haipo.

Nitaeleza mara moja, kwa maandishi, ili anayefuata nimpe gazeti. Kila mwezi utando wa ndani wa kizazi hunenepa kwa kujiandaa kupokea mimba. Mimba isipotunga, utando unameguka, mishipa midogo iliyokuwa ikiulisha inakatika, na kinachotoka ni damu ya mishipa hiyo pamoja na vipande vya utando. Kitanzi hiki kina dawa iitwayo levonogestreli, na huiachia humo humo ndani ya kizazi kidogo kidogo, kama maikrogramu 20 kwa siku mwanzoni. Dawa hiyo inauzuia utando usinenepe. Utando mwembamba hauna cha kumeguka, na mishipa yake haina sababu ya kukatika. Shamba lisilopandwa halina mavuno yaliyofichwa ghalani.

Damu ambayo ingetoka inaendelea kuzunguka mwilini kama ilivyokuwa ikizunguka, na hilo ndilo tunalolitaka! Mayai nayo, kwa wanawake wengi wanaotumia kitanzi hiki, yanaendelea kupevuka kila mwezi. Kwa hiyo kutoona siku zako ukiwa nacho si kukoma hedhi kabla ya wakati, wala si utasa. Kikitolewa, uwezo wa kushika mimba unarudi haraka.

Ila najua jibu hili halitoshi, kwa sababu chini ya swali hilo kuna lingine lisilotamkwa: uchafu utatokaje? Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa hedhi ni damu chafu, kwamba mwili wa mwanamke hukusanya taka mwezi mzima kisha huzitoa kwa siku tano, na asiyezitoa atavimba tumbo, atapata uvimbe wa kizazi, ataumwa kichwa kwa sababu damu "imepanda", au atapata saratani. Nimeyasikia haya kwa mama mkwe, kwa mchungaji na kwa msusi. Nimeyasikia pia kwa muuguzi mwenye cheti, na hapo ndipo uvumilivu wangu hukatika.

Damu ya hedhi ni damu ile ile iliyoko mkononi mwako, imechanganyika na utando na ute. Haikubeba sumu yoyote. Taka za mwili zinashughulikiwa na ini na figo, usiku na mchana, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Kama kizazi kingekuwa ndicho chujio la damu, wanaume wote wangekuwa wamekufa kabla ya kubalehe.

Hebu tuhesabu pamoja. Mjamzito hukaa miezi 9 bila kuona siku zake. Akijifungua na kunyonyesha vizuri, anaweza kuongeza miezi mingi mingine. Mwanamke aliyezaa watoto wanne kwa kufuatana amewahi kukaa miaka bila hedhi, na hakuna aliyemuuliza damu imehifadhiwa wapi. Binti wa miaka 9 kwa kawaida hana hedhi. Bibi yako wa miaka 70 hana hedhi kwa miaka 20 sasa, na anapalilia mahindi. Angekuwa amepasuka.

Ipo hali ambayo damu hukwama kweli, na ni vyema muijue ili msiichanganye na kitanzi. Msichana amefika miaka 15 au 16, matiti yameota, kila mwezi anaumwa tumbo la chini kwa siku kadhaa, lakini hajawahi kuona tone. Wakati mwingine tumbo linaonekana limejaa. Huenda amezaliwa na njia ya uke iliyozibwa na utando, na damu inajikusanya nyuma yake. Kovu baada ya kukeketwa linaweza kuleta shida ya aina hiyo, na kovu kwenye shingo ya kizazi baada ya upasuaji vilevile. Watu hawa wanaumia, kila mwezi, na picha ya utirasaundi inaonyesha damu iliyokwama. Mlete hospitali, usimpeleke kwa mganga wa kufungua kizazi. Mwenye kitanzi cha homoni ambaye haoni siku zake, ukimpiga picha hiyo hiyo, unakuta utando mwembamba kama mstari. Hakuna bwawa humo.

Sasa tuje kwa wafanyabiashara. Imani ya uchafu isingenisumbua hivi kama isingekuwa na duka. Dawa za "kusafisha kizazi" zinauzwa kwenye simu zenu: za kunywa, za kujifukiza, na zile zinazoitwa lulu. Mgonjwa aliwahi kuniletea moja kwenye kifuko cha plastiki. Ni donge la majani yaliyosagwa, limefungwa ndani ya kitambaa chembamba chenye matundu, na uzi unaning'inia wa kulivutia. Unaliingiza ukeni, unakaa nalo siku mbili tatu, unalitoa. Kisha unaambiwa subiri uone maajabu.

Na kweli yanaonekana. Unatoka ute mzito, vipande vyeupe au vya kahawia, ngozi ngozi, harufu. Picha zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp na shuhuda zinamiminika: "Jamani, kumbe nilibeba uchafu wa miaka kumi!" Hapana, dada. Huo ni ukuta wa uke wako uliounguzwa na dawa ukaanza kubanduka, pamoja na majimaji ambayo mwili umeyatoa kujitetea, na mabaki ya hayo majani. Weka donge hilo hilo ndani ya kinywa siku tatu, nacho kitatoa vipande. Donge linakaa ukeni. Kizazi kiko juu, nyuma ya shingo yake yenye ute. Hakuna jani lililopanda huko kufagia. Kilichofanyika ni kuua bakteria rafiki wanaoulinda uke, kuacha michubuko, na kufungua mlango wa maambukizi. Uke hujisafisha wenyewe. Hauhitaji lulu, mvuke, ndimu wala sabuni.

Kwa mwenye kitanzi kuna la ziada. Kitanzi kina nyuzi zinazotokeza kidogo kwenye shingo ya kizazi. Lulu nayo ina uzi. Unavuta gizani kwa kidole kinachoteleza, na unachokishika hukijui. Kitanzi kilichoshuka nusu hakifanyi kazi, na mwenyewe anaweza asitambue mpaka mwezi urudi vile vile, au mimba iingie.

Gharama kubwa zaidi ya imani hii haionekani kwenye picha za WhatsApp. Hedhi ya kawaida ni mililita 30 hadi 40 kwa mwezi mzima, yaani vijiko vikubwa viwili hadi vitatu. Zaidi ya 80 tulizoea kuita nyingi. Siku hizi inatosha mwanamke aseme inamvurugia maisha. Mililita 80 za damu zinaondoka na madini ya chuma kama miligramu 40. Mwili, hata ukila vizuri, unafyonza miligramu 1 hadi 2 kwa siku kutoka kwenye chakula, na sehemu kubwa ya hizo inaishia kwenye matumizi ya kila siku. Ndiyo maana glasi za rozela hazimtoi mtu kwenye 7. Anajaza ndoo iliyotoboka, kisha anakataa kuziba tundu kwa kuhofia kwamba maji yatachafuka ndani. Moyo unakwenda mbio akipanda ngazi, anasinzia kazini, anaambiwa mvivu.

Wanawake waliowekewa kitanzi cha homoni wanasemaje? Hawasemi kitu kimoja, na anayekuahidi kwamba utapona wiki ijayo anakudanganya. Kuwekewa kunauma. Kwa wengine ni maumivu ya hedhi ya dakika chache, kwa wengine ni makali, na una haki ya kuomba dawa ya maumivu kabla na ganzi ikiwezekana. Miezi mitatu hadi sita ya kwanza ndiyo inayowashinda wengi: damu haitoki nyingi, lakini inadondoka dondoka, leo ipo, kesho haipo, keshokutwa imerudi rangi ya kahawia. Mtu aliyekuwa na siku saba mbaya anajikuta na wiki tatu za kuvaa pedi nyembamba. Hapo ndipo simu zinapopigwa usiku, na hapo ndipo vitanzi vingi hutolewa wiki chache kabla havijaanza kulipa.

Wanawake wa Kiislamu, hasa wa Pwani, hunijia na swali zito zaidi: nasali au sisali? Ramadhani nafunga? Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yameenea huku kwetu, hedhi haizidi siku 15, na damu inayopita hapo huhesabiwa istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi. Kupanga siku zako ndani ya hukumu hiyo ni kazi ya mwanazuoni, muulize mapema. Kazi yangu ni kukwambia kabla hujapanda kitandani kwamba matone hayo yatakuja, na kama Ramadhani iko karibu unaweza kuchagua kusubiri.

Baada ya miezi hiyo ya mwanzo, kwa wengi damu hupungua kwa asilimia 80 au zaidi, na baada ya mwaka kama mmoja kati ya watano haoni kabisa. Wapo wanaopata chunusi, matiti kuuma, kichwa, au hali ya moyo kushuka, na wapo wanaosema hawakupata lolote. Uingereza walifuatilia wanawake 571 waliokuwa wakitokwa na damu nyingi, wengine wakapewa kitanzi hiki na wengine dawa za kawaida, matokeo yakachapishwa 2013. Baada ya miaka miwili asilimia 64 ya waliopewa kitanzi walikuwa bado wanacho, na waliobaki na dawa zao walikuwa asilimia 38. Kitanzi kimeshinda, ndiyo. Lakini zaidi ya theluthi moja walikiacha, nao si wajinga wala si waoga. Haikuwafaa.

Neno moja kuhusu shangazi yako aliyewekewa kitanzi akatokwa na damu mpaka akazimia. Muulize kilikuwa cha aina gani. Kile cha shaba, ambacho ndicho kimeenea kwenye kliniki zetu za uzazi wa mpango, hakina homoni na mara nyingi huongeza damu. Ni kizuri kwa kuzuia mimba na kibaya kwako wewe mwenye 7. Hiki cha homoni kiliidhinishwa kwanza Finland mwaka 1990, na tangu 2015 kimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, ila huku kwetu bado hakipatikani kila mahali. Ukifika kliniki usiseme tu "nataka kitanzi".

Haya, uchaguzi wako, kwa haraka, maana mhariri amenibana. Kwanza upimwe: wekundu wa damu, mimba, shingo ya kizazi, na utirasaundi. Ukiwa umepita miaka 45, au damu inatoka kati ya hedhi au baada ya tendo, hakuna kitanzi mpaka tujue sababu. Uvimbe mkubwa ulioingilia nafasi ya ndani ya kizazi hukisukuma nje. Huo uondolewe kwanza. Aliyewahi kuwa na saratani ya matiti asikitumie. Hutaki kitu ndani? Traneksamiki huchukuliwa siku za damu tu, hupunguza kwa karibu nusu, na haimfai aliyewahi kupata damu kuganda miguuni au mapafuni. Ibuprofeni au mefenamiki hupunguza kidogo na kusaidia maumivu. Vidonge vya majira, sindano, vyote vipo. Kutoa kizazi ni jibu la mwisho, na kwa wengine ni jibu sahihi. Vyovyote utakavyochagua, vidonge vya madini ya chuma vinaanza leo, na vinaendelea miezi mitatu baada ya wekundu kurudi.

Ukiwekewa, rudi baada ya wiki sita tuangalie nyuzi. Mume akilalamika zinamchoma, tunazikata zaidi, dakika mbili. Njoo siku hiyo hiyo ukipata homa na maumivu ya tumbo la chini, ukikosa nyuzi, au ukihisi una mimba. Kwa wastani mmoja kati ya 20 kitanzi kitamtoka chenyewe. Kwa kutokwa na damu nyingi kinahesabiwa miaka 5, kwa kuzuia mimba hadi 8. Piga picha kadi yako ya kliniki yenye tarehe na aina ya kitanzi, uihifadhi kwenye simu, maana mafaili yetu mnayajua.