Nani Anahesabu Sarafu Jioni?

Ukiingia mtaa wa Kisenyi jijini Kampala kutokea soko la Owino, utasikia mashine za kusaga mahindi kabla hujaziona. Malori yanashusha magunia, mengine yamechanika, na nafaka inamwagika chini. Wanawake na watoto wanafuata nyuma na fagio na ungo, wanapepeta mahindi na maharage kutoka kwenye mchanga, halafu wanayauza kwa bei ya chini. Wengi wao wametoka eneo la Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, hasa wilaya ya Napak, zaidi ya kilomita 400 kutoka hapo. Watoto wengine, hata wa miaka mitatu au minne, hupelekwa katikati ya jiji wakae kando ya lami na kiganja wazi.

Mpita njia anaona ufukara, na ufukara kweli upo. Karamoja ina msimu mmoja tu wa mvua, na wizi wa mifugo kwa bunduki ulirudi kwa nguvu tangu 2019. Lakini sisi tunaoshughulika na ulinzi wa watoto tuna swali letu la kuanzia: jioni ikifika, sarafu hizo anazihesabu nani? Kama ni mama mzazi, wakanunua unga wakala pamoja, familia hiyo inahitaji msaada, na kumtia mama korokoroni hakutamlisha mtu. Kama ni mtu mwingine, yule aliyelipa nauli ya basi, anayekusanya watoto kwenye chumba cha kulipia kwa usiku na kumchapa anayerudi na pungufu, basi huo ni usafirishaji haramu wa binadamu.

Watu wengi hawaliamini hili kwa sababu wanamsubiri mhalifu wa sinema, mwenye gari la vioo vyeusi. Hapa mhalifu huitwa shangazi. Anajulikana kijijini, amewahi kuleta sukari msibani, na safari hii ameahidi kwamba binti atapata kazi ya kulea mtoto na kusoma. Mbinu hiyo haiko Uganda peke yake. Mwaka 2022 wapelelezi wa kipindi cha Africa Eye cha BBC walionyesha jinsi watoto wenye ulemavu kutoka Tanzania walivyochukuliwa kwa ahadi nzuri mbele ya wazazi wao, wakaishia kuombaomba kwenye mitaa ya Nairobi huku mapato yakiingia mifuko ya watu wengine.

Sheria ya Uganda ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu ni ya 2009, na imefuata itifaki ya Umoja wa Mataifa iliyopitishwa mwaka 2000, inayojulikana kwa jina la Palermo. Kwa mtu mzima, mwendesha mashtaka lazima athibitishe mambo matatu: kitendo, kama kusafirisha au kuhifadhi, njia, kama vitisho au ulaghai, na lengo la kunyonya. Kwa mtoto, la pili, yaani njia, linaondoka. Kwa hiyo utetezi unaosikika kila siku, kwamba alikuja mwenyewe au mama yake alikubali, hauna uzito. Adhabu ni kali sana: kosa likitendwa dhidi ya mtoto, sheria inaruhusu hata hukumu ya kifo. Kwangu mimi kifungu chenye maana zaidi ni kile kisichotajwa sana, kinachosema kwamba aliyesafirishwa haadhibiwi kwa kosa alilolitenda kwa sababu ya kusafirishwa kwake. Mtoto aliyetumwa kuiba vyuma chakavu ni manusura hata akikamatwa navyo mkononi.

Mwaka 2019 jiji la Kampala lilipitisha sheria yake ndogo: ukimpa mtoto wa mtaani fedha au chakula unaweza kutozwa faini au kufungwa hadi miezi sita. Naielewa hoja yake, kwani kila sarafu inayotolewa inamlipa shangazi. Ila sheria inayomtisha mwenye huruma na kumwacha mwenye chumba imeshika mkia. Kabla ya hapo, mwaka 2014, shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu watoto wa mitaani wa Uganda waliopigwa na kunyang'anywa fedha na walewale waliopaswa kuwalinda. Misako ya kuwakamata watoto hao nayo haijakoma. Watoto wanapakiwa kwenye magari na kurudishwa Karamoja hadi kituo cha kuwapokea cha Koblin, na baada ya muda baadhi yao wanaonekana tena Kisenyi. Mtoto aliyepakiwa hivyo amesafirishwa mara ya pili bila kuulizwa, tofauti ni kwamba safari hii nauli imelipwa na serikali.

Basi msaada unaofaa ukoje? Unaanza na mwili. Kama kuna dalili ya kubakwa au kunajisiwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Kisenyi ina kituo chake cha afya cha umma cha ngazi ya nne, kwa hiyo hakuna haja ya kusubiri mpaka polisi wamalize kuandika maelezo. Baada ya hapo, chakula na usingizi. Mtoto aliyekuwa akivuta mafuta ya ndege kwenye kitambaa ili asisikie njaa na baridi hawezi kueleza jambo lolote la maana siku ya kwanza, na anayemlazimisha atapata hadithi ya kumridhisha muulizaji tu.

Kwenye mahojiano ndipo kesi nyingi hufia, na ndipo mtoto huumizwa upya. Kosa la kwanza ni lugha. Mtoto anayezungumza Kikaramojong anahojiwa kwa Kiganda, kisha anatafutwa mtu wa kutafsiri, na aliye karibu ni mwanamke aliyekuja kituoni kumdai mtoto. Hakuna kinachosikika hapo ila sauti ya mwanamke huyo. Kosa la pili ni kumrudisha mtoto kwenye simulizi ileile mbele ya polisi, muuguzi, afisa ustawi, kisha mwandishi wa habari. Kila anayesikia anaandika tofauti kidogo, na mahakamani wakili wa mshtakiwa anazigeuza tofauti hizo kuwa uongo wa mtoto. Inatosha aulizwe mara moja, na mtu aliyefundishwa, kwa maswali yaliyo wazi. Ukiuliza "Ni fulani ndiye alikupiga?" umeshamtilia jibu kinywani. Uliza "Nini kilitokea?", halafu nyamaza.

Kiwewe nacho hakifuati matarajio yetu. Mtoto anaweza kucheka akieleza kipigo, akachanganya siku, au akalia akitaka kurudishwa kwa shangazi, kwa kuwa huyo ndiye aliyekuwa akimlisha. Hakimu asiyelijua hilo humwona shahidi dhaifu.

Makao ya watoto yanapaswa kuwa mapito. Kwa sheria ya watoto ya Uganda, amri ya mahakama ya kumweka mtoto chini ya uangalizi haizidi miaka mitatu, na inapitiwa upya angalau kila mwaka. Mwelekeo wa taifa tangu 2012 ni kwamba familia ije kwanza, nyumba ya taasisi ije mwisho. Hata hivyo familia yenyewe lazima ichunguzwe. Nani alimtoa mtoto? Je, alipokea chochote? Kuna ndugu mwingine mwenye nafasi? Na msimu je? Kumrudisha mtoto Napak katika miezi ya kabla ya mavuno, ghala zikiwa tupu, ni kumwandalia safari nyingine. Bora asubiri, au arudi pamoja na chakula, karo na mbuzi wa kuanzia.

Kwa msomaji anayemwona mtoto leo: piga 116. Ni namba ya bure ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto Uganda, Kenya na Tanzania. Taja mahali, saa, umri wa kukadiria, na nani anakuja kuchukua fedha, kwa kuwa hilo la mwisho ndilo polisi huwa hawana. Usimkabili mtu huyo, maana atamhamisha mtoto usiku huohuo. Usimchukue mtoto nyumbani kwako, wala usiweke picha yake mtandaoni hata kama nia yako ni njema, sababu anayemtafuta naye ana simu.

Kazi ngumu hubaki kijijini baada ya mtoto kurudi. Afisa ustawi wa wilaya ana eneo kubwa na mafuta machache ya pikipiki. Lakini kila kijiji cha Uganda kina baraza la LC1, na makamu mwenyekiti wake ndiye katibu wa masuala ya watoto kisheria. Mtu huyo apewe jina la mtoto aliyerudi, namba ya afisa ustawi, na siku ya kupiga simu kila mwezi kwa mwaka mzima wa kwanza, awe na habari au asiwe nayo.